Kitunguu kimoja chekundu na somo zima la seli

Mwanafunzi anaweza kuchora seli ya mmea ubaoni, akaandika majina ya sehemu zake bila kukosea hata moja, akapata alama zote. Mwulize baada ya hapo: meza hii ya mninga ina seli? Seli ya tembo na seli ya panya, ipi kubwa? Mara nyingi darasa hunyamaza, na kwenye swali la tembo wengi hukosa. Walichokishika ni mchoro: duara lenye nukta katikati, au mstatili wenye nukta pembeni. Seli yenyewe hawajakutana nayo.

Udogo wa seli unachangia tatizo hili, na mchoro wenyewe unachangia, maana ni bapa na umetulia tuli. Lakini kinachopuuzwa zaidi ni maneno. Mtoto wa miaka 12 au 13 haji darasani na kichwa kitupu. Anakuja na Kiswahili cha nyumbani, na baadhi ya maneno ya somo la seli yameshakuwa na kazi nyingine huko.

Maneno yaliyotangulia somo

Chukua neno "kiini". Mtoto analijua tangu jikoni: kiini cha yai, ile sehemu ya njano. Akisikia kwamba yai ni seli na kwamba seli ina kiini, yaani sehemu inayotunza vinasaba, anaunganisha mwenyewe: njano ndiyo kiini cha seli. Amefikiri vizuri tu, neno ndilo limempoteza. Katika yai la kuku ambalo halijarutubishwa, njano yote ni seli yenyewe, kubwa kwa sababu imejazwa akiba ya chakula. Palipo na vinasaba ni pale kwenye kidoa cheupe cha milimita chache tu kilicho juu ya njano. Ute na ganda ni vifungashio. Pasua yai kwenye sahani nyeupe, igeuze njano taratibu kwa mgongo wa kijiko mpaka kidoa kijitokeze, darasa lipite kuangalia. Gharama ni yai moja, na kosa hilo halirudi.

"Chembe" nayo ina vurugu zake. Vitabu vya zamani viliita seli "chembe hai", na walimu wengi bado wanasema hivyo. Kwenye kemia mtoto huyohuyo anaambiwa maada imeundwa kwa chembe. Matokeo yake anaamini seli ni aina ya atomi, au kwamba jiwe pia lina seli zake. Sema wazi siku ya kwanza: seli moja ya mwili wako imeundwa kwa matrilioni ya atomi. Kisha shika neno "seli" moja kwa moja, uiachie kemia chembe zake.

"Tishu" ni karatasi laini ya mezani kabla haijawa kundi la seli zinazofanya kazi moja. Hilo huishia kwenye kicheko na halina madhara. Lenye madhara ni "kupumua". Kwa Kiswahili cha kila siku kupumua ni kuvuta na kutoa hewa, na mmea hauna mapafu. Kwa hiyo mwanafunzi anahitimisha kwamba mimea haipumui, au inapumua usiku tu, na kwamba mitokondria, zile sehemu za seli zinazotoa nishati, ni mali ya wanyama. Tenganisha mambo haya mawili kwa majina tofauti: kuvuta hewa ni tendo la mwili, kuvunja glukosi ili kupata nishati ni kazi ya seli. Hiyo ya pili inafanyika katika seli za mchicha usiku na mchana, jua liwepo lisiwepo.

Neno moja linakuja kutusaidia: "utando". Kila mtoto ameona utando wa maziwa yaliyochemshwa yakaachwa yapoe, na utando wa buibui. Ni kitu chembamba kinachofunika, kinachopindika, kinachochanika. Seli ya mmea ina utando, na nje ya utando ina ukuta. Ukuta hausogei, utando unasogea. Tofauti hiyo ndiyo moyo wa jaribio la chumvi tutakalofika muda si mrefu.

Kwa shule za Tanzania kuna jambo la ziada. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali amesoma sayansi kwa Kiswahili, akifika kidato cha kwanza anakuta somo lilelile kwa Kiingereza. Ukimwachia maneno mapya yakae peke yake, atadhani ni vitu vipya. Andika orodha ya safu mbili ubaoni, iache hapo mada nzima.

Seli ni ndogo kiasi gani?

"Ndogo sana" si jibu. Milimita 1 ina mikromita 1,000. Seli ya ngozi ya ndani ya kitunguu ina urefu wa mikromita 300 hivi, seli ya ndani ya shavu ina upana wa kama 60, seli nyekundu ya damu kama 7.5, na bakteria wa kawaida 2. Namba hizi mwanafunzi atazinakili na kuzisahau zikibaki kwenye daftari, kwa hiyo mpeleke uwanjani.

Panga kwamba mikromita 1 iwe sentimita 1, yaani kila kitu kikuzwe mara 10,000. Kwa kijiti na chaki au majivu, chora seli ya kitunguu: mita 3, sawa na urefu wa chumba kidogo. Seli ya shavu inakuwa sentimita 60, kama sinia kubwa la pilau. Seli nyekundu ya damu ina upana wa sentimita 7.5, kama kifuniko cha chupa ya jamu, na bakteria ni kama harage. Utando wa seli, kwa kipimo hichohicho, una unene wa karatasi moja ya daftari. Na mwanafunzi mwenyewe mwenye urefu wa mita 1.5? Angekuwa na kilomita 15. Kilimanjaro una mita 5,895, kwa hiyo angeupita mara mbili na nusu.

Hapo ndipo la tembo linapojibika. Seli nyingi za tembo na za panya zina ukubwa unaokaribiana. Tembo anazo nyingi zaidi, basi. Kama wakiuliza kwa nini tembo asiwe na seli kubwa, waache wahesabu miche ya mraba. Mche wa sentimita 1 una eneo la nje la sentimita za mraba 6 kwa ujazo wa 1. Wa sentimita 2 una 24 kwa 8, yaani 3 kwa 1. Wa sentimita 3 una 54 kwa 27, yaani 2 kwa 1. Kadiri kitu kinavyokua, kila sehemu ya ndani inabakiwa na eneo dogo zaidi la kupitishia chakula na hewa. Mpishi anajua hili bila hesabu: kiazi kizima kinachelewa kuiva, vipande vinawahi.

Kuandaa slaidi

Chagua kitunguu maji chekundu, kibichi, kigumu. Maganda makavu ya nje hayafai. Seli zake zimekufa na kukauka. Kigawe kirefu mara nne, chomoa tabaka moja nene la katikati. Tabaka hilo lina ngozi mbili. Ya ndani, upande uliobonyea, haina rangi na inabanduka kirahisi kwa kibanio au kwa kucha. Ya nje, upande uliobenuka, ina rangi ya zambarau na ni mbishi: livunje tabaka kwa kulipindisha nyuma, ngozi itachanika na kubaki ikining'inia, uivute polepole.

Kata kipande cha milimita 5 kwa 5, kisizidi. Weka tone moja la maji katikati ya slaidi, yaani kile kipande cha kioo cha hadubini, tandaza ngozi juu yake isijikunje. Simamisha kifuniko cha kioo upande mmoja wa tone kwa mwinamo, kisha kilaze taratibu kwa ncha ya sindano. Ukikiangusha kwa mkupuo, hewa inanaswa chini yake.

Na hizo hewa ndizo zinazoharibu masomo mengi ya seli. Chini ya hadubini kipovu cha hewa ni duara safi lenye ukingo mnene mweusi na katikati peupe. Kinapendeza, kinaonekana wazi kuliko seli, na kinafanana kabisa na picha ambayo mwanafunzi amekuwa nayo kichwani. Atakichora kwa bidii na kukiandikia majina. Kwa sababu hiyo waonyeshe kipovu kwa makusudi kabla ya kitu kingine: tone la maji tupu, kifuniko kiangushwe, waangalie. Wakishakijua, hawatakichora tena.

Kwa ngozi isiyo na rangi tumia ayodini ya duka la dawa, sehemu 1 kwa maji sehemu 5, mpaka ifanane na chai ya rangi isiyokolea sana. Dondosha tone ukingoni mwa kifuniko, gusisha karatasi ya tishu ukingo wa pili ili ivute. Baada ya dakika 2 kiini kinakuwa na rangi ya manjano iliyokoza au hudhurungi. Ayodini iliyokolea mno inafanya kila kitu kiwe cheusi; kama imekuwa hivyo, vuta maji safi kwa njia hiyohiyo.

Anza na lenzi fupi kabisa. Lenzi ya jicho ya 10 na lenzi ya chini ya 4 zinakuza mara 40, na hapo ndipo pa kutafutia. Kisha 10, yaani mara 100, inatosha kabisa kwa kitunguu. Lenzi ya 40 ina nafasi ndogo sana juu ya slaidi: gurudumu kubwa la kurekebisha lisiguswe kabisa hapo, la sivyo kioo kinapasuka na lenzi inachubuka. Na taa kali si msaada. Seli za kitunguu ni angavu, zinahitaji kiwambo, yaani tundu la kupitishia mwanga chini ya slaidi, kifungwe kidogo ili kingo zake zijitokeze. Mwanafunzi anayesema "sioni kitu" mara nyingi anatazama mwanga mwingi mno.

Wapime pia, isiwe kutazama tu. Weka rula ya plastiki angavu chini ya lenzi ya 4, hesabu milimita zinazoenea kwenye duara la mwanga. Kwa hadubini nyingi za shule ni kati ya 4 na 4.5. Tuseme ni 4.5, kwenye lenzi ya 10 duara hilo litakuwa na milimita 1.8. Kama seli 6 zimepangana kichwa kwa mguu kutoka ukingo hadi ukingo, kila moja ina milimita 0.3. Wamejipatia wenyewe namba uliyowapa uwanjani.

Chumvi kwenye kitunguu

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi, hata kama itabidi kitu kingine kipunjwe.

Chukua ngozi ya zambarau, iandae kwa maji matupu bila ayodini. Ayodini inaua seli, na jaribio hili linataka seli hai. Kwenye kuza mara 100 zitaonekana kama matofali yaliyojaa rangi kutoka kona hadi kona. Rangi hiyo imo ndani ya vakuoli, yaani mfuko wa maji wa seli, na katika seli hii vakuoli imechukua karibu nafasi yote. Kwenye kitabu vakuoli huchorwa kama kiputo tu. Kwenye kitunguu ndiyo chumba chenyewe, na saitoplazimu, ule uteute wa seli, imebanwa ukutani.

Changanya kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kilichosawazishwa, katika mililita 100 za maji. Dondosha ukingoni, vuta kwa tishu upande wa pili, wala usiondoe jicho. Ndani ya dakika 2 hadi 5 rangi inaanza kuachana na kona. Inasinyaa, inakoza, inajikusanya kuwa donge katikati au upande mmoja. Ukuta umebaki palepale, na kati yake na rangi kuna nafasi tupu iliyojaa maji ya chumvi.

Utando wa seli ni mwembamba mno kuonekana kwa hadubini ya shule. Kila mstari ambao wanafunzi wamekuwa wakiuandikia "utando" kwenye kitunguu ulikuwa ukuta. Sasa, ukingo wa lile donge la rangi ndio unaoonyesha utando ulipo. Maji yameupita kwenda nje, rangi haikuupita. Kwa mara ya kwanza maneno "hupitisha baadhi ya vitu" yana kitu cha kuyashikiza.

Kisha rudisha maji safi, mara mbili au tatu. Donge linatanuka na kuujaza ukuta tena. Kama halirudi, ama chumvi ilikuwa nyingi mno ama slaidi imeachwa muda mrefu, na seli zimekufa. Kama halikusinyaa tangu mwanzo, kagua kama maji ya chumvi yalifika kweli chini ya kifuniko. Pasha moto kipande kingine cha ngozi hiyo katika maji yanayochemka kwa dakika moja: rangi inavuja yote, maji yanageuka zambarau. Seli iliyokufa haina mlango wa kuchagua.

Baada ya hadubini wapeleke jikoni kwa maneno. Kachumbari iliyotiwa chumvi mapema inaogelea majini, na vitunguu vyake vimelegea: ni jambo lilelile, mara milioni. Muuza mboga anayenyunyizia mchicha maji kila baada ya muda anazijaza upya seli zilizonywea. Kwa wanaotaka kushika kwa mkono, jaza puto maji ndani ya boksi la sabuni mpaka libane pande zote. Boksi ni ukuta, puto ni utando. Punguza maji, puto linaachana na boksi. Mfano huu una faida nyingine ambayo mchoro hauna, nayo ni kina: seli ina juu, chini na pembeni.

Na ukiwa bado na kitunguu mkononi, swali la machozi litakuja. Katika seli nzima, kimeng'enya (kichochezi cha mabadiliko ya kikemia) na viambato vyenye salfa vimetengwa sehemu tofauti. Kisu kinapasua maelfu ya seli, vinakutana, inatoka gesi inayochoma macho. Seli si mfuko wa supu iliyochanganywa. Ina vyumba, na kazi ya vyumba ni kutenganisha.

Ambayo kitunguu hakina

Wanafunzi watachora kloroplasti, zile sehemu za kijani zinazotengeneza chakula cha mmea, kwenye kitunguu. Hakikisha unawakosoa, maana wamechora kitabu badala ya slaidi. Kitunguu hukaa mbali na mwanga na hakitengenezi chakula, kinahifadhi. Kwa kloroplasti tafuta vile vimea vidogo vya kijani vinavyoota kama zulia kwenye ukuta wenye unyevu au chini ya bomba linalovuja. Vimea hivyo vina majani yenye unene wa seli moja tu, hayahitaji kubanduliwa. Jani moja, tone la maji, kuza mara 400, na kloroplasti za kijani ziko wazi.

Mitokondria hazitaonekana vizuri kwa hadubini hizi, kwa hiyo zisitokee kwenye mchoro wa uchunguzi. Ni vema kuwa na michoro miwili iliyo mbalimbali: ule wa "nilichokiona", wa seli 2 au 3 kwa penseli kali, mstari mmoja, bila kutia vivuli, na kiasi cha kukuza kikiandikwa chini, na ule wa "kinachojulikana", wenye sehemu zote.

Seli za shavu hufaa kwa upande wa wanyama. Kila mwanafunzi atumie kijiti chake cha pamba, akisugue mara moja, na kiingie kwenye maji ya klorini papo hapo. Kwa kuwa seli hizi hazina ukuta, zinaonekana kama vipande vya karatasi vilivyokunjamana, wala si maduara.

Kuhusu kiini kuitwa "ubongo wa seli": mfano huu uachwe. Ubongo unahisi na kuamua kila dakika. Seli nyekundu za damu ya binadamu hupoteza kiini zinapokomaa, na bado hufanya kazi kwa siku 120 hivi. Afadhali kitabu cha mapishi kilichofungiwa kabatini: jiko likikikosa litaendelea kupika kwa muda kwa kile kilichokwisha andaliwa, lakini halitajikarabati wala kuzaa jiko lingine.

Darasa la watoto 60, hadubini moja

Dakika moja kwa kila mtoto ni saa nzima, na kipindi ni dakika 40. Weka kamera ya simu juu ya lenzi ya jicho, isogeze juu na chini mpaka duara la mwanga lijae kwenye kioo, piga picha na video, hasa ya chumvi. Makundi ya watu 6 yazunguke: moja kwenye hadubini, moja kwenye simu, mengine kwenye yai, puto na hesabu za miche. Pasipo hadubini kabisa, hadubini ya karatasi ya Foldscope, iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Stanford, hukuza mara 140 hivi, na seli za kitunguu zinaonekana nayo.

Meza ya mninga ijibiwe mwishoni. Mwaka 1665 Robert Hooke alitazama kipande chembamba cha gome la kutengenezea vizibo, akaona vijumba vitupu vilivyopangana, akaviita kwa neno la Kiingereza la chumba kidogo. Neno hilohilo ndilo mtaani limekuwa "selo" ya polisi. Alichokiona ni kuta za seli zilizokwisha kufa. Mwanafunzi akisema meza ina kuta za seli lakini haina seli hai, mpe alama zote. Kisha mpe mchoro wa mwenzake wa seli ya kitunguu wenye kloroplasti 6, utando ulioandikwa kwenye mstari wa nje, na duara moja lenye ukingo mweusi, na umwambie ausahihishe.